Ustahimilivu wa misuli: namna ya kuujenga na namna ya kuupima

Kila serikali inapotangaza zoezi la kuwaandikisha makurutu wa jeshi au polisi, fukwe zetu hubadilika sura. Alfajiri utawakuta vijana wakikimbia mchangani, wengine wakipiga pushapu kando ya ukuta, wengine wakibebana mgongoni huku wakicheka. Wiki mbili baadaye ufuo ni mtupu tena. Walioachwa hurudi vibarazani na maelezo yao: huyu aliangushwa na meno, yule aliambiwa nyayo zake ni bapa. Halafu kuna yule wa tatu, mwenye kifua kipana na mikono minene, ambaye mapaja yalimgomea katikati ya mbio. Ukimuuliza atakwambia, "Nguvu ninazo, wallahi, sijui kulitokea nini."

Hasemi uongo. Nguvu anazo. Alichokosa ni kitu kingine ambacho hakijengwi kwa wiki mbili, na wengi wetu hatujawahi kukitenganisha na nguvu. Makala haya yanahusu kitu hicho: ni nini, kinapimwaje, kinajengwaje, na kwa nini haraka ya kukitafuta imewahi kuwapeleka watu wazima kwa miguu yao hospitalini wakiwa na figo zilizoharibika. Yanamhusu pia mzazi wako aliyevuka miaka 60, ingawa hana haja na ukurutu.

Nguvu, pumzi na ustahimilivu

Nguvu ni mzigo mkubwa kabisa unaoweza kuuinua mara moja. Pumzi ni kazi ya moyo na mapafu kupeleka hewa mwilini unapokimbia au kuogelea. Ustahimilivu wa misuli ni uwezo wa kundi fulani la misuli kurudia kazi ile ile mara nyingi, au kushikilia mkao mmoja kwa muda mrefu, kabla ya kuchoka. Mambo haya matatu yanasaidiana, lakini mtu anaweza kuwa na moja akakosa jingine.

Mfano mzuri uko jikoni. Mchukue kijana wa jimu anayeinua vyuma vizito, umketishe kwenye mbuzi, umpe nazi kumi za kukuna. Ya kwanza ataimaliza kwa fahari. Kufikia ya nne mkono wa mbele unawaka moto, na pengine ya sita atamwachia dada yake, aliyekuwa akikuna nazi tangu ana miaka tisa na wala hajawahi kushika chuma. Si kwamba dada ana nguvu kumshinda. Misuli yake ya mkono imezoea kazi ndogo iliyorudiwa maelfu ya mara.

Ndivyo alivyo mgema anayepanda minazi asubuhi na jioni, hamali wa Marikiti anayeshusha magunia lori zima, na mvuvi anayepiga kafi hadi miambani na kurudi. Kila mmoja amejengeka pale anapofanyia kazi, na hapo pana jambo la kuzingatia: ustahimilivu hauhami kirahisi kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Vidole vya mgema vinaweza kushika shina la mnazi siku nzima, lakini havitamsaidia mapajani akiambiwa akimbie kilomita kumi. Kwa hiyo anayejiandaa kwa jambo fulani aulize kwanza ni misuli ipi itakayofanya kazi siku hiyo, na kwa mwendo gani.

Ndani ya msuli kuna nini

Msuli umefumwa kwa nyuzi. Zipo nyuzi za polepole, zisizotoa nguvu nyingi lakini zisizochoka upesi, na zipo za haraka, zenye nguvu kubwa na uchovu wa mapema. Kila mtu amezaliwa na mchanganyiko wake. Mazoezi hayambadilishi mtu akawa mwingine kabisa, lakini hubadilisha sana vilivyomo ndani ya nyuzi hizo.

Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, John Holloszy, alichapisha matokeo ya kuwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa. Alipochunguza misuli yao alikuta vimeng'enya vya mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nishati, vimeongezeka takriban maradufu. Hilo ndilo linalotokea kwa binadamu pia anapofanya kazi ya kurudiarudia wiki baada ya wiki: mitokondria huongezeka, mishipa midogo ya damu huota zaidi kuzunguka nyuzi, na msuli hujifunza kutumia mafuta zaidi na kuiwekea akiba sukari yake. Mabadiliko haya huchukua wiki na miezi. Maendeleo unayoyaona wiki mbili za mwanzo ni ya kweli, lakini sehemu kubwa yake ni mishipa ya fahamu iliyojifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Viwanda vyenyewe bado vinajengwa.

Kushikilia mkao ni habari tofauti kidogo. Msuli ukikazwa bila kulegezwa huibana mishipa yake ya damu yenyewe, ukajinyima hewa. Mjerumani Walter Rohmert alionyesha mwaka 1960 kwamba mtu akikaza msuli kwa nusu ya nguvu zake zote, hudumu kama dakika moja tu. Akipunguza mkazo, muda unarefuka sana. Wazee wetu waliouza maji kwa mzegazega hawakumsoma Rohmert, lakini walijua kwamba debe mbili zikining'inia kwenye mti ulio begani hufika mbali kuliko debe moja lililobanwa na vidole. Bega linabeba, vidole vinaongoza tu.

Uzito mwingi au marudio mengi?

Swali hili lina umri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari kijana wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa magoti katika hospitali moja ya Chicago. Mwaka 1945 aliandika kwamba mazoezi ya uzito mkubwa na marudio machache hujenga nguvu, na yale ya uzito mdogo na marudio mengi hujenga ustahimilivu, na kwamba moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine.

Sehemu ya mwisho ya kauli hiyo aliikaza mno, kwa maana mtu asiyekuwa na nguvu kabisa hupata ustahimilivu anapoongeza nguvu. Fikiria gunia la kilo 50. Kwa yule ambaye uwezo wake wote ni kilo 60, kila gunia ni karibu mwisho wa nguvu zake. Akijenga uwezo wake ukafika kilo 100, gunia lile lile limekuwa nusu ya nguvu zake, na atabeba mengi zaidi. Lakini msingi wa DeLorme umesimama. Mwaka 2002 watafiti wa Ohio waliwagawa vijana wasiokuwa na mazoezi katika makundi: moja likiinua uzito mkubwa mara 3 hadi 5, jingine mara 9 hadi 11, na jingine uzito mwepesi mara 20 hadi 28. Baada ya wiki nane, kundi la uzito mkubwa ndilo lililoongoza kwa nguvu. Walipopewa uzito wa asilimia 60 ya uwezo wao na kuambiwa waurudie hadi wachoke, kundi la marudio mengi ndilo lililoendelea zaidi kuliko wengine.

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2009, kinashauri kwa ustahimilivu mizigo midogo hadi ya wastani, marudio zaidi ya 15, na mapumziko mafupi yasiyozidi sekunde 90. Kijana wetu wa jimu hupumzika dakika tano kati ya raundi huku akipekua simu. Hilo halina ubaya kama anatafuta nguvu, ila asishangae mapaja yakimgomea.

Kupima bila kujidanganya

Kipimo kinachojulikana na kila mtu ni pushapu, na ndicho kinachodanganywa kuliko vyote. Nimewahi kukaa kwenye baraza nikihesabu za kijana aliyedai anapiga 60. Nilihesabu 19 ambazo kifua kilishuka ipasavyo. Nyingine zote zilikuwa kutikisa shingo.

Fanya hivi. Viganja viwe chini, upana wa mabega au zaidi kidogo. Mwili unyooke kutoka kisigino hadi kichwani, makalio yasibenuke juu wala tumbo lisining'inie. Shuka mpaka mikono ikunjike pembe mraba kwenye viwiko, kisha panda mpaka inyooke. Mwendo nao uwe mmoja: pushapu moja kila sekunde tatu, yaani 20 kwa dakika, ambao ndio mwendo unaotumiwa katika kipimo cha FitnessGram cha wanafunzi wa Marekani. Simu ikupigie mdundo, au mwenzako ahesabu kwa sauti. Ukikosea mkao mara ya kwanza unaonywa. Mara ya pili umemaliza. Nambari iliyofikiwa hapo ndiyo yako. Mwendo huu wa pole huwaumbua wengi, kwa sababu anayepiga upesi huupa msuli msaada wa kurushwa na mshindo.

Jeshi la Marekani lilitumia mtindo mwingine tangu 1980 hadi 2022, wa kuhesabu pushapu utakazomudu ndani ya dakika mbili, na unaruhusiwa kupumzika kidogo ukiwa juu. Nambari za mitindo hii miwili hazilinganishiki. Chagua mmoja ubaki nao.

Kwa mapaja, weka kiti imara nyuma yako, shuka polepole mpaka makalio yaguse ukingo, usiketi, kisha simama wima. Mwendo ule ule wa sekunde tatu. Simama unapolazimika kujisukuma kwa mikono au magoti yanapoanza kuangukia ndani.

Mgongo una kipimo chake kilichotokana na kazi ya Mdenmarki Fin Biering-Sørensen. Unalala kifudifudi juu ya meza au benchi, kiwiliwili kuanzia nyonga kikiwa nje hewani, mwenzako ameishikilia miguu yako, na unajinyoosha sambamba na ardhi kadiri uwezavyo, mwisho sekunde 240. Mwaka 1984 aliripoti kwamba wanaume walioshindwa kufika sekunde 176 walikuwa na uwezekano zaidi wa kuumwa kiuno mwaka uliofuata kuliko wale waliozidi 198. Tafiti za baadaye hazikuafikiana zote juu ya utabiri huo, lakini kama kipimo cha uvumilivu wa mgongo bado kinatumika. Mwenye maumivu ya mgongo tayari asijaribu.

Mambo mawili kabla ya kuondoka kwenye vipimo. Pima saa ile ile ya siku, ukiwa umepumzika siku mbili, na uandike kwenye daftari tarehe, nambari na hali ya hewa. Nambari 22 ya Julai, upepo wa kusi ukivuma, haifanani na 22 ya Machi. La pili, usiichukulie nambari kuwa ni cheti cha afya. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha habari za wazimamoto 1,104 wa kiume waliofuatiliwa miaka kumi: walioweza pushapu zaidi ya 40 walipatwa na matatizo ya moyo kwa asilimia 96 pungufu ya walioshindwa kufika 10. Habari hiyo ilizunguka mitandaoni kana kwamba pushapu ni dawa. Wale walikuwa wanaume tu, wenye kazi ya kukakamua mwili, na anayemudu 40 kwa kawaida ni mwembamba zaidi, havuti sigara, na amefanya mazoezi miaka mingi. Pushapu zilikuwa dalili ya hayo yote.

Wiki nane, si mbili

Sasa ujenzi. Tuseme umejipima ukapata pushapu 18 safi. Gawanya kwa mbili: 9. Hiyo ndiyo raundi yako. Piga raundi nne za 9, ukipumzika sekunde 90 kati yake, siku tatu kwa wiki zisizofuatana, mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Raundi ya kwanza itakuwa rahisi mno, na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Kazi ni jumla ya 36, na raundi ya nne itakukumbusha hivyo.

Wiki ya pili raundi iwe ya 10, ya tatu 11. Wiki ya nne rudi 8, mwili upumue. Watu hudharau wiki hiyo, nao ndio wanaoishia na bega bovu wiki ya sita. Ya tano anza tena na 10, lakini sasa punguza mapumziko hadi sekunde 60. Ya sita 11, ya saba 12. Wiki ya nane fanya kidogo siku ya kwanza, pumzika, kisha jipime kwa masharti yale yale ya awali. Kwa mapaja na mgongo fuata mpango huo huo, siku hizo hizo.

Asiyeweza hata pushapu moja, na wako wengi wasiopenda kusema, aanze kwa kusukuma ukuta akiwa amesimama. Akifika 20 safi ahamie kwenye kibaraza, viganja juu ya ukingo na miguu chini. Akifika 20 tena ashuke sakafuni. Kwa akina mama wanaofanya mazoezi nyumbani mlango ukiwa umefungwa, ukuta na kibaraza cha uani vinatosha kabisa, hakuna haja ya kulipia jimu.

Kusukuma peke yake hakutoshi. Mwili unahitaji pia kuvuta, la sivyo mabega huelekea mbele. Tafuta tawi imara la mwembe au chuma cha goli, ujivute. Kama hujiwezi, ning'inia tu kwa sekunde 20, raundi nne. Na kwa kubeba, chukua mitungi miwili ya lita 10, moja kila mkono. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una kilo 20 bila kununua chuma. Tembea mita 40 mgongo ukiwa wima, weka chini, pumzika, rudi.

Kukimbia mchangani ni kuzuri kwa vifundo na ndama za miguu, lakini kunadai gharama. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakakuta kwamba kukimbia kwenye mchanga laini hutumia nishati mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo anayezoea lami asihamishe kilomita zake zote ufuoni siku moja. Aanze na robo, na achague mchanga mgumu ulioachwa na maji kupwa.

Chakula kisikusumbue. Mbaazi, kunde, maharagwe, samaki, mayai na wanga wa kutosha vinajenga msuli wa mtu wa kawaida. Mahamri kwa mbaazi saa moja asubuhi baada ya mazoezi ni chakula halali cha mwanamichezo, mradi usiyageuze kuwa mahamri kumi.

Mkojo wa rangi ya kola

Hapa nawaomba mabarobaro wasome polepole. Msuli usiozoea ukilazimishwa kazi kubwa ghafla, hasa wakati wa joto, nyuzi zake zinaweza kupasuka kwa wingi na kumwaga yaliyomo ndani ya damu. Madaktari huita hali hii rabdomayolisisi. Mojawapo ya vinavyomwagika ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni msulini. Ikifika kwenye figo kwa wingi inaweza kuziba na kuziharibu. Dalili hujitokeza mara nyingi siku moja hadi tatu baada ya zoezi: maumivu yanayozidi ule uchovu wa kawaida, msuli kuvimba na kukosa nguvu hata ya kunyoosha mkono, na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea au kola. Ukiuona mkojo wa namna hiyo nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari ulifanya nini. Usipitie duka la dawa kununua diklofenaki au aibuprofeni. Dawa hizo za maumivu, mwili ukiwa umekauka maji, huzidisha mzigo kwenye figo zile zile.

Kwetu Pwani kuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Selimundu ipo kwa wingi hapa, kama ilivyo katika maeneo mengi yaliyoishi na malaria kwa karne, na watafiti wa KEMRI kule Kilifi wamekuwa wakiichunguza kwa miaka mingi. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua na hujulikana mapema. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi mzima, mara nyingi bila kujua. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa askari Waamerika weusi karibu 48,000. Wenye urithi wa mzazi mmoja hawakufa zaidi ya wenzao, na hilo ni jambo la kutuliza moyo, lakini uwezekano wao wa kupatwa na rabdomayolisisi ya mazoezi ulikuwa juu kwa asilimia 54. Hawakatazwi mazoezi. Wanachotakiwa ni kupanda pole pole, kunywa maji, kupumzika vya kutosha, na kusimama mara misuli inapouma isivyo kawaida. Kama katika ukoo wenu yuko mwenye selimundu, kipimo cha damu kabla ya kuanza mazoezi makali ni busara.

Joto lenyewe ni adui. Msimu wa kaskazi, hewa ya Mombasa huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka, na ni kukauka kwake ndiko kunakopoza mwili. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani. Fanya mazoezi alfajiri au jioni. Mwenzako akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu, hajalewa: mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na muite usafiri wa hospitali huku mkiendelea kumpoza.

Na muguka? Pamoja na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, kazi yake ni kukuficha uchovu huku moyo ukienda mbio. Uchovu ndio kengele yako, na anayefanya mazoezi juani akiwa ameizima hatajua wakati wa kusimama.

Mzazi wako na kiti

Nimesema mwanzoni kwamba makala haya yanamhusu aliyevuka 60. Tazama namna anavyoinuka kutoka kwenye mkeka. Kwanza huanza kushika goti. Baadaye hushika ukuta. Kisha mkeka unaachwa, kinaletwa kiti. Halafu kiti chenyewe kinahitaji mtu wa kumvuta mkono. Watoto husema ni uzee, na kwa kiasi ni kweli, lakini sehemu kubwa ni mapaja yaliyoachwa bila kazi. Tena tunachangia sisi wenyewe, kwa heshima: "Keti mama, nitakuletea."

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hutumia kipimo rahisi kinachofanyika popote. Chukua kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha kama sentimita 43, kiegemeze ukutani. Mzee aketi katikati, akunje mikono kifuani, na kwa sekunde 30 asimame wima na kuketi mara nyingi awezavyo. Wewe kaa karibu naye. Akilazimika kutumia mikono, matokeo ni sifuri. Muda ukiisha akiwa zaidi ya nusu ya kusimama, hiyo inahesabiwa.

Kwa miaka 60 hadi 64, mwanamume chini ya 14 au mwanamke chini ya 12 yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Kwa 65 hadi 69 mipaka ni 12 na 11, kwa 70 hadi 74 ni 12 na 10, kwa 75 hadi 79 ni 11 na 10, na kwa 80 hadi 84 ni 10 na 9. Aliye chini ya mpaka asitishwe. Zoezi lenyewe ni kile kile kipimo: kusimama na kuketi mara tano, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwanza kwenye kiti kilichoongezewa mto, kisha mto uondolewe, kisha marudio yaongezwe. Avute pumzi akiketi na aitoe akisimama, asiizuie, kwani kuzuia pumzi hupandisha presha kwa ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au sukari inayocheza amwone daktari wake kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na wazee waongeze ya kujizuia kuanguka siku tatu.

Ramadhani na baada yake

Ustahimilivu hupungua ukiuacha, na wiki chache za kulala zinatosha kuonekana kwenye daftari. Kuudumisha ni rahisi kuliko kuujenga, kwa hiyo wakati wa mfungo punguza raundi kutoka nne hadi mbili na siku kutoka tatu hadi mbili, ila marudio ya kila raundi yabaki pale pale. Saa nzuri ni kama saa mbili baada ya futari, ukiwa umeshakunywa maji. Anayependelea kabla ya magharibi afanye mepesi, karibu na adhana, asijipime wala kushindana.

Kurutu mtarajiwa naye, wiki ya mwisho kabla ya zoezi, akate kazi yake nusu na siku mbili za mwisho apumzike kabisa. Hakuna msuli unaojengwa siku hizo mbili. Ale wanga, alale mapema, na siku yenyewe abebe maji ya kunywa, kwa sababu foleni huanza alfajiri na mbio zinaweza kupigwa saa nne jua limeshapanda.